Matangazo Baada ya Komunyo: Uhakiki wa Andiko la Kila Jumapili

Msishtuke na neno uhakiki. Najua hapa Nyarugusu ukilitamka tu, watu wanakwenda kutafuta kadi zao chini ya godoro. Uhakiki wa leo hauhitaji kadi wala alama ya kidole. Ni ule wa kwenye vitabu: mtu anachukua andiko, analisoma taratibu, anasema limefaulu wapi na limeshindwa wapi.

Katika kijarida chetu tumeshahakiki riwaya, mashairi, hata mchezo wa vijana wa siku ya wakimbizi. Sijaona bado mtu akigusa andiko ambalo sisi Wakatoliki wa hapa tunalisikia mara nyingi kuliko kitabu chochote: matangazo ya Jumapili. Mtasema matangazo siyo fasihi. Yakianza, akina mama wanafunga upya watoto mgongoni, vijana wa nyuma wanatoka mmoja mmoja kama vile wana haja, na wazee wanaamka kutoka usingizi walioupata kwenye mahubiri. Sawa. Lakini andiko linalotungwa upya kila wiki, likasomwa kwa sauti mbele ya kanisa zima, na likikosewa jina moja watu wananuniana mpaka Alhamisi, mimi naona linastahili mhakiki kuliko riwaya ambayo kambi nzima ina nakala moja isiyo na jalada.

Nikiri mapema kwamba mimi siyo mtu wa pembeni. Nilikuwa katibu wa kigango chetu miaka sita, mpaka 2019. Daftari la matangazo nililiandika kwa mkono wangu. Kwa hiyo makosa nitakayoyataja, mengine ni yangu, na moja ndilo lililonifanya niandike haya.

Tuanze na mahali pa andiko lenyewe. Kwa utaratibu wa Misa, matangazo mafupi yanakuja baada ya sala ya baada ya Komunyo, kabla ya baraka. Ndiyo, imeandikwa mafupi. Kwetu yanafika dakika ishirini, na tukitafsiri kwa Kirundi kwa ajili ya ndugu zetu Warundi walioanza kuja kwa wingi mwaka 2015, ongezeni nyingine kumi. Padre mgeni akija anaangalia saa. Asichojua ni kwamba sisi tuliotoka Kongo tumelelewa katika Misa ambayo mtangazaji ni mtu wa heshima. Misale ya majimbo ya Zaire, ile iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inampa mtangazaji kazi tangu mwanzo: ndiye anayewakusanya watu na kuwaandaa kusali. Na mwanzoni mwa Misa hiyo wanaitwa watakatifu, wanaitwa na wahenga walioishi kwa haki, wasali pamoja nasi. Hapa tuko jimbo la Kigoma, tunasali kama Tanzania inavyosali, na ule wito wa wahenga tuliuacha ng'ambo ya ziwa. Mtangazaji tulivuka naye.

Kigango chetu ni kidogo. Ukuta ni matofali ya udongo, paa ni bati upande wa altare na shitingi upande wa nyuma, kengele ni rimu ya lori inayogongwa kwa chuma. Padre hawezi kufika kila Jumapili, vigango ni vingi na yeye ni mmoja. Asipofika, katekista anaongoza ibada ya Neno. Mahubiri yanabadilika, nyimbo zinabadilika, hata Komunyo kuna siku hatupati. Matangazo hayajawahi kukosekana.

Sasa tulisome kama linavyosomwa. Salamu kwanza, kanisa linaitikia. Kisha wiki inafunguliwa. Jumatatu Legio ya Maria wanapanga nani atembelee mgonjwa gani. Jumanne jioni kwaya. Jumatano saa kumi jumuiya zote, kila moja nyumbani kwa mtu: hii itakutana kwa Mzee fulani, ile kwa Mama fulani aliyejifungua. Alhamisi Mama Katoliki. Ijumaa, kama ni Kwaresima, Njia ya Msalaba. Jumamosi asubuhi usafi wa kanisa, halafu mafundisho ya watoto wa Komunyo ya kwanza, na wanaambiwa kabisa waje wamenawa miguu. Halafu Jumapili tena.

Mfanyakazi wa shirika akisikia hayo atasema ni ratiba. Ni ratiba, ndiyo. Lakini jiulize, kwa mtu asiye na shamba, asiye na kibali cha kutoka nje ya kambi, asiye na kazi ya mshahara, Jumanne ni kitu gani? Hapa kuna siku moja inayojulikana na kila mtu, siku ya mgao. Zilizobaki zinafanana kama mbaazi kwenye kopo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa hajui tarehe, lakini hakuwahi kupotea siku. "Leo ni kwaya," anasema, basi ni Jumanne. Andiko ninalolihakiki ndilo lililomgawia siku saba. Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza.

Sifa ya pili ni lugha yake, na hapa niwape kisa ambacho Wakongo wa zamani wanakijua. Kwetu Kivu, jumuiya ndogo ya Kikristo tunaiita shirika. Maaskofu wa Kongo walishachagua kulijenga Kanisa juu ya jumuiya hai tangu mwaka 1961, na wenzao wa Afrika Mashariki waliweka nguvu kwenye jumuiya ndogo ndogo katika miaka ya sabini. Wazo ni moja, neno ndilo tofauti. Basi tulipofika huku mwisho wa mwaka 1996, mtangazaji anasimama: "Jumatano shirika litakutana kwa Mzee fulani, wote mfike bila kukosa." Jumatano watu wanafika na kadi za mgao, na ndoo, na magunia! Hapa Tanzania, na zaidi hapa kambini, shirika ni wale wenye magari meupe. Mzee wa watu alikuwa ameandaa chungu kimoja cha chai. Nilikuwa na miaka saba, nakumbuka watu walivyocheka mpaka wakakaa chini, na wakabaki kusali na magunia yao matupu. Baada ya hapo tulianza kusema jumuiya kama wenyeji, na neno shirika tukawaachia wenye nalo. Lakini wazee wakisahau bado wanalisema, na mimi hulipenda wanaposahau.

Tofauti hiyo iko hata kwenye namna ya kuandika. Mashirika hutuletea karatasi zao tuwasomee: chanjo, vyandarua, siku ya uhakiki. Naziheshimu, zimeokoa watoto. Kama maandiko, lakini, zina ugonjwa mmoja. Zinaanza kwa "wakimbizi wote mnatangaziwa" na zinaisha kwa "atakayekosa asilaumu mtu." Kati ya hapo hakuna anayefanya kitu: zoezi litafanyika, huduma itatolewa, kipimo kimepunguzwa. Nani amepunguza? Karatasi haisemi. Tangazo la kanisa likiwa limeandikwa vizuri lina mtu na tendo lake. Baba fulani ataleta ngazi. Dada fulani atafundisha watoto badala ya mwalimu anayeumwa. Ukilisikia, unajua umfuate nani.

Tangazo bora kuliko yote niliyowahi kusikia lilisomwa katika miaka ile ya kwanza. Mama mmoja wa upande wa Fizi alikuwa anamtafuta mwanae wa kiume, miaka kumi, kaptula ya shule, walipotezana ufukweni siku ya kupanda mashua. Aliyemwona au kusikia habari zake aende kwa katekista saa yoyote, hata usiku. Ni hayo tu. Nimelifikiria andiko hilo miaka mingi, na naona uzito wake uko kwenye maneno mawili ya mwisho. Saa yoyote ingetosha. Aliyeongeza "hata usiku" alikuwa anamjua mama yule. Katekista alikuwa jirani yetu, na mama yangu alikuwa akisimulia kwamba kwa wiki kadhaa koroboi yake iliwaka mpaka usiku wa manane, na mafuta ya taa wakati ule siyo ya kuchezea. Mtoto hakupatikana hapa kwetu. Lakini neno lililotangazwa lilikuwa na mtu anayekesha nyuma yake, na tangu hapo mimi tangazo nalipima hivyo: je, kuna mtu anayekesha nyuma yake?

Kwa kipimo hicho, matangazo yetu yana madhaifu, na sitayaficha.

La kwanza ni lile neno "baadhi." Imeonekana kwamba baadhi ya waamini wanachelewa. Baadhi ya vijana wanavaa vibaya. Baadhi ya akina mama wanaongea wakati wa Misa. Sasa wewe mwandishi, kama unamjua, mfuate kwake mkaongee. Kama humjui, nyamaza. Ukisema baadhi, kanisa zima linageuza shingo, kila mtu anamtafuta huyo baadhi, na mara nyingi linapatikana jibu ambalo hukulikusudia.

La pili ni kusoma sadaka kwa jumuiya. Mnaujua mtindo wenyewe. Jumuiya ya kwanza, shilingi elfu tatu na mia nne. Jumuiya ya pili, elfu mbili na mia tisa. Inakwenda hivyo mpaka inafika ya mwisho, mia sita, na kule nyuma mtu anacheka kwa pua. Zamani ilikuwa ni kuhimizana. Tangu chakula kipunguzwe, ni kupimana njaa hadharani. Jumuiya yenye mia sita siyo ya wavivu, ni ya wajane na wazee ambao hawana mtoto wa kwenda kubeba matofali ya mtu.

Na kuna jambo baya zaidi. Mama mmoja wa jumuiya hiyo alikuwa analeta kikombe cha unga kila Jumapili. Kikombe cha plastiki, kimefunikwa kwa kitambaa. Anakiweka chini ya altare na kurudi mahali pake. Unga ule unakwenda kwa mgonjwa. Lakini daftari langu lilikuwa na safu ya jumuiya na safu ya shilingi, basi. Unga haukuwa na safu, kwa hiyo haukusomwa. Mama akaacha kuja. Miezi miwili. Nilipomtembelea aliniambia bila hasira, anachambua maharage: "Mwanangu, kule kunasomwa hela. Mimi sina kitu kinachosomwa." Nilirudi nikaongeza safu. Wiki iliyofuata tukasoma: unga vikombe vitatu, chumvi pakiti moja, kuni mzigo mmoja. Kumbe walikuwa wengi. Mpaka leo sielewi kwa nini nilihitaji kuambiwa.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya jambo ninalotaka kulisema.

Andiko letu linajua kuita. Halijui kuaga.

Miaka ile ya katikati, wenzetu wengi waliokuja zamani walianza kuitwa kwenye mahojiano, na familia baada ya familia zikaondoka kwenda Marekani. Kanuni isiyoandikwa ilikuwa moja: kanisani hasemi mtu. Anayeondoka anajua, majirani wanajua, sufuria zinagawiwa usiku, alfajiri basi linakuja. Jumapili kuna nafasi kwenye benchi. Ndugu zetu Warundi nao, walipoanza kurudishwa kwao kwa misafara mwaka 2017, ilikuwa hivyo hivyo. Wiki hii mtu anaimba sauti ya tatu, wiki ijayo sauti ya tatu ina watu wawili.

Nilikuwa na jirani, mama mtu mzima, sisi sote wa mtaa wetu tulimwita Mama Mkubwa. Kila zamu ya usafi ikifika alikuwa wa kwanza, na ufagio wake mwenyewe wa miti, maana alisema ufagio wa kanisa umefundishwa uvivu. Upande wa altare hakuruhusu mtu auguse. Kesi yake ilikubaliwa. Ya mdogo wake, waliyekuja naye mashua moja, ilikwama, na hakuna aliyewaeleza kwa nini. Mama Mkubwa aliondoka Jumanne.

Jumamosi niliandaa matangazo nikiwa na haraka. Zamu ya usafi nilinakili kutoka ukurasa wa zamani, kama nilivyozoea. Jumapili msomaji akasoma majina. Kwetu anayeitwa kwenye zamu anajibu "Nipo," ndivyo tulivyozoea. Wa kwanza, nipo. Wa pili, nipo. Kisha Mama Mkubwa. Kimya. Msomaji akarudia, alikuwa kijana wa zoni nyingine, hajui. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Yuko Marekani!" na kanisa likacheka.

Mdogo wake alikuwa benchi la tatu. Hakucheka. Aliinamisha kichwa akawa anakunja ncha ya kitenge chake, anakunja, anakunjua.

Baada ya ibada nilikwenda kumwomba radhi na kumwambia nitalifuta jina siku hiyo hiyo. Akanishika mkono. "Usilifute," alisema. "Jumamosi nitafagia mimi." Na Jumamosi alikuja na ule ufagio wa miti.

Nilikasirika, na hasira yangu niliipeleka kwa mwenyekiti wetu wa jumuiya, mzee wa watu. Nikamwambia: Baba, tuna tangazo la anayezaliwa, la anayebatizwa, la wanaotaka kuoana, la aliyekufa. Mwezi wa Novemba tunasoma majina ya marehemu wetu wote mpaka wale waliobaki porini bila kaburi. Huyu aliyeondoka Jumanne yuko wapi? Siyo marehemu, siyo mgonjwa, siyo wa hapa. Hana ukurasa. Tumsome kanisani siku anayoondoka, tumwombee, apite katikati ya watu. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, umehesabu wanaobaki? Kila jina la anayeondoka utakalolisoma mle ndani, kuna mia wanaolisikia kama mwiba. Na mwizi naye anasali. Akisikia nani anagawa vitu, anajua nyumba ya kwenda." Akamalizia kwa methali: asiyekuwepo na lake halipo.

Nilimwona mwoga. Naandika hivyo kwa sababu yeye mwenyewe anajua, nilimwambia. Methali ile niliichukia hasa kwa sababu ndiyo kanuni ya ule uhakiki mwingine. Pale mezani ukiitwa mara tatu hupo, jina linapigwa mstari. Nikasema kama kanisa nalo linapiga mstari, basi tumebadilisha meza tu.

Miaka ikapita, nikakabidhi daftari kwa dada mwingine mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu. Halafu ikaja Januari 2025.

Wote tunakumbuka. Serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Katika kigango chetu kulikuwa na familia iliyokuwa tayari imepewa tarehe. Sitasema zaidi juu yao. Baba alikuwa ameshagawa jembe na baiskeli, mama ameshagawa sufuria, kitanda, kuku wawili. Watoto walikuwa wameshaagana na wenzao shuleni, wameshapewa na zawadi ya kalamu. Kisha wakaambiwa hakuna safari. Kwa siku chache hatukuwaona. Jumapili wakaja, wakakaa nyuma kabisa chini ya shitingi, pale wanapokaa wageni.

Matangazo yakafika kwenye zamu ya usafi. Dada katibu hakuwa amegusa orodha, labda kwa kusahau kama mimi, labda kwa makusudi, sijamuuliza. Jina la baba yule likasomwa. Nilikaza macho chini. Nilikumbuka kicheko cha miaka ile.

Akasema, "Nipo."

Safari hii hakucheka mtu. Msomaji akaendelea na jina lililofuata. Jioni ile jirani aliyepewa sufuria kubwa aliirudisha, akaiweka mlangoni akaondoka bila maneno. Jembe halikurudi. Kuku, mnajua wenyewe. Lakini Jumamosi baba yule alifagia, tena upande wa altare, bega kwa bega na mdogo wake Mama Mkubwa.

Nilirudi kwa mzee wangu kumwambia alikuwa na haki nusu. Fikirini kama tungekuwa tumemsoma mtu yule kanisani, tumemwombea safari njema, tumempigia vigelegele. Angerudi kanisani kwa mlango gani? Angekuwa kama maiti aliyeamka njiani, kila mtu hajui amsalimie vipi. Orodha iliyochelewa kufuta ndiyo iliyomtunzia nafasi. Kile nilichokiona miaka yote kama kosa la uvivu wa katibu, yaani uvivu wangu, ndicho kilichomfanya mtu aweze kusema "Nipo" siku ambayo hakuwa na kitu kingine cha kusema.

Mzee alicheka. "Na nusu nyingine?" akauliza.

Nusu nyingine ni yule mwanamke wa benchi la tatu na kitenge chake. Kwake ule ukimya haukuwa huruma. Dada yake alitoweka kwenye midomo ya watu kama vile hakuwahi kusali nasi miaka ishirini. Kutofuta jina ni vizuri, lakini jina linalobaki kwenye daftari bila neno la kulisindikiza, siku likisomwa linamchoma mtu. Kwa hiyo hukumu yangu kama mhakiki ni hii: andiko letu halikukosea kwa kuwaweka waliosafiri. Limekosea kwa kukosa kitenzi cha kuwahusu.

Kutafuta kitenzi hicho kulituchukua jioni mbili, mimi, mzee na dada katibu, tumekaa nje kwake na daftari. "Ameondoka" tulikataa, ni kisu kile kile. "Amesafiri" dada alisema watu watauliza lini na kwa kesi ipi. Mzee akapendekeza tuwaombee wote kwa pamoja bila majina, mimi nikasema hapo ndipo tunarudi kwenye "baadhi." Kilichokubaliwa mwishowe kilitoka kwa yule aliyekuwa amekifanya tayari kwa mikono yake bila kutungiwa sentensi. Dada aliandika: zamu ya Mama Mkubwa inashikwa na mdogo wake.

Liangalieni vizuri, ni sentensi ndogo. Haisemi nani yuko wapi. Haimwonei mtu wivu wala kumpa mwizi anwani. Inamtaja aliye mbali na kumtaja aliyebaki, na inasema kuna kazi kati yao ambayo haijaanguka chini. Na mwenye zamu akirudi kesho, kwa heri au kwa shari, zamu bado ni yake, ilikuwa imeshikwa tu. Sijui kama methali ya mzee imeshindwa. Labda tumeiongezea: asiyekuwepo na lake lipo, kama kuna wa kulishika.

Ilisomwa kwa mara ya kwanza kabla sijaanza kuandika makala hii. Msomaji alisita kidogo, maana hakuwa ameizoea. Mkalimani wa Kirundi naye akaomba arudiwe. Kutoka benchi la tatu ikaja sauti: "Nipo." Kisha akaongeza kitu ambacho hakimo kwenye utaratibu wetu, akasema, "Tupo."

Kuna majina mengine kumi na saba kwenye orodha za zamani, nimeyahesabu. Kila moja linahitaji mtu wa kulishika, na sentensi yake. Wenye ndugu zao humo waje kwa dada katibu Jumatano baada ya jumuiya. Sadaka bado zinasomwa kwa jumuiya, hilo tutagombana nalo mwezi ujao. Na nyie vijana wa nyuma, Jumapili hii msitoke kabla ya matangazo.